Ganda Halisemi

Miaka kumi na tisa nakata korosho ghalani, Newala.
Si za kula. Za kupimwa.
Gunia linachomwa bambo, zinamwagika kwenye sinia,
nazipasua kwa mkasi moja moja,
na karani Nangumbi anaandika:
nzima, iliyosinyaa, iliyooza, tupu.
Wakulima husimama mlangoni wakiitazama mikono yangu
kama wazazi wanaongoja matokeo ya mtihani.
Ganda halisemi, hilo nalijua.
Korosho nene, inang'aa, unaipasua
unakuta vumbi.

Mwezi wa kumi niliteleza juu ya ganda moja. Moja!
Sikuanguka mtini, sikuanguka na pikipiki,
nilianguka kutoka kimo changu mwenyewe,
na kifundo cha mkono wa kulia kikalia
ka! kama kuni kavu.

Ndanda, plasta ilipokauka,
daktari Nachenga, binti wa rika la mwanangu,
hakuuliza kuhusu mkono.
"Mama Benadeta, mara ya mwisho kuona damu ni lini?"
Nikahesabu kwa misimu: msimu ule
wakulima walipokataa bei mnadani. Mwaka wa tatu sasa.
Akasema homoni iliyokuwa ikileta mwezi
ndiyo iliyokuwa ikilinda ghala la mifupa.
Mlinzi kaondoka, hajaaga.
Wachukuzi wanatoa magunia usiku na mchana,
wanaoingiza ni wachache.

Nilicheka, mbavu zikaniuma.
Maana mie nilichezwa.
Somo yangu Nambunga alinifundisha damu inavyokuja,
kitambaa kinavyofuliwa, neno gani lisisemwe mbele ya nani.
Damu ilipoondoka hakuna aliyepiga ngoma.
Ilitoka kama mgeni wa alfajiri
ikaniachia moto:
Julai, ukungu umeimeza Newala,
mume wangu ndani ya mablanketi mawili,
mimi dirishani na kanga moja, natoa mvuke kama sufuria.

"Dawa itarudisha kilichotoka?"
Alikuwa mkweli, yule binti.
Itaegesha mlango, alisema. Kidogo pengine kitarudi.
Ukiiacha, mlango unafunguka tena.
Akauliza titi la mama, titi la shangazi,
akauliza kama damu imewahi kuniganda mguuni.
Hakuniambia usiogope.
Aliniambia pa kuogopa ni wapi.

Usiku ule nilimfikiria mama,
aliyepandisha ndoo kutoka bondeni ujana wake wote,
na mwishoni akawa anawasalimu watu
kwa kutazama viatu vyao.
Tulisema ni ndoo. Tulisema ni uzee.
Dada Stefania alisema ni mkono wa mtu,
na kuna jirani hatukumsalimu miaka minne.

Basi nabandika. Jumatatu na Alhamisi,
chini ya mkanda wa sketi,
kipande chembamba kama ngozi ya ndani ya korosho,
na usiku kidonge cha kulilinda tumbo la uzazi.
Vikiisha Newala naagiza Mtwara,
vikiisha Mtwara naagiza na kusali.
Jasho la saa saba linabandua,
nami narudishia kwa plasta ya vidonda.
Dagaa natafuna na vichwa vyao.
Kilima napanda kwa miguu, makusudi,
vijana wa bodaboda wananionea huruma.
Ndani kukoje, sijui. Mfupa haukatwi sampuli
kwa mkasi wangu.

Jana nilikwenda kwa yule jirani.
Nilipeleka ming'oko ya kuchemsha.
Alifungua mlango nusu.
Nikasema, "Ilikuwa mifupa, Bi Somoe.
Mama alikuwa anaumwa mifupa."
Hakujibu. Aliutazama mkono wangu,
uliounga ukiwa umepinda kidogo,
bado umeshika bakuli.